Seneti ya Kenya na Sauti ya Wilaya

Kata ya Ruhembe, katika wilaya ya Kilosa na jimbo la uchaguzi la Mikumi, ni nchi ya miwa. Mwenyeji wa huko akitaka neno lake lifike juu, iwe ni habari ya maji, ya ardhi au ya barabara ya kutolea mazao, ana milango miwili ya kubisha. Mlango wa kwanza ni wa diwani wake, aendaye kuketi katika Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Mlango wa pili ni wa mbunge wa Mikumi, aendaye Dodoma. Mlango wa tatu hakuna. Katika Bunge letu hakuna mjumbe aliyewekwa kuisemea wilaya ya Kilosa nzima kwa jina lake, wala hakuna baraza la pili la kuyapima yale yaliyokwisha kupitishwa na la kwanza. Tangu tupate uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Bunge letu limekuwa la baraza moja.

Wanafunzi wanaposoma habari za mabunge yenye mabaraza mawili, hudhani kuwa mambo hayo ni ya Uingereza na Marekani tu. Yafaa wajue kwamba jirani zetu wa Kenya walikuwa na baraza la namna hiyo mara tu walipojitawala, kwamba lilidumu muda usiofika miaka minne, na kwamba wajumbe wake wenyewe ndio waliopiga kura ya kulifuta. Kisa hicho kina mafunzo hata kwa sisi ambao hatukupata kuwa na baraza kama hilo.

Neno seneti limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzee. Kwa hiyo maana yake ya asili haitushangazi sisi Waafrika, kwa kuwa wahenga wetu walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini Seneti ya Kenya haikuwa baraza la wazee. Ilikuwa baraza la wilaya. Ilizaliwa London, katika mikutano ya katiba iliyofanyika Lancaster House, na hasa ule wa mwaka 1962. Huko vyama viwili vilivutana. Chama cha KANU, kilichoongozwa na Jomo Kenyatta, kilitaka serikali moja yenye nguvu. Chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala wa Pwani, kikiwa na viongozi kama Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kilitaka majimbo. Hapa mwanafunzi wa Tanzania aangalie asipotee: jimbo kwetu ni eneo la kumchagua mbunge, bali kwa Wakenya wa siku zile lilikuwa sehemu kubwa ya nchi yenye baraza lake la kutunga sheria. Majimbo hayo yalikuwa saba, mbali na eneo la Nairobi.

Waliokitetea KADU walikuwa na hofu ya watu wachache. Walisema, mkoloni akiondoka, makabila makubwa yatashika serikali na ardhi, na madogo yatabaki kuomba. Seneti ilikuwa mojawapo ya dawa za hofu hiyo. Ilikuwa na wajumbe 41: mmoja kwa kila wilaya kati ya wilaya 40, na mmoja wa Nairobi. Wilaya yenye watu wengi na wilaya yenye watu wachache zilikuwa sawa; kila moja ilikuwa na seneta mmoja na kura moja. Spika wake alikuwa Muinga Chokwe, naye pia mtu wa Pwani. Maseneta walipangiwa kukaa miaka sita, huku theluthi moja yao ikiondoka kila baada ya miaka miwili, ili baraza lisibadilike lote kwa mkupuo mmoja.

Nguvu kubwa ya baraza hili ilikuwa katika ulinzi wa katiba. Vifungu vilivyohusu majimbo, haki za raia, ardhi za makabila na Seneti yenyewe havikuweza kubadilishwa mpaka wakubali robo tatu ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na asilimia 90 ya maseneta. Katika baraza la watu 41, maana yake ni kwamba maseneta watano tu waliweza kuuzuia mlango. Kwa karatasi, kufuli hilo lilikuwa zito mno.

Lakini kufuli haliilindi nyumba ikiwa mwenye ufunguo amechoka kulinda. Seneti haikuwa na uwezo wa kuzuia miswada ya fedha. Waziri Mkuu hakutoka kwake. Maendeleo ambayo mwananchi aliyangoja, yaani shule, zahanati na barabara, yalikuwa mikononi mwa serikali kuu, na seneta hakuwa na kitu cha kumkabidhi mtu wa wilaya yake isipokuwa ulinzi. Na ulinzi ni kitu kisichoonekana mpaka siku kinapokosekana.

Mambo yalikwenda haraka. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wajumbe wa upinzani wakaanza kuhamia KANU mmoja mmoja. Serikali ilipotaka kuifanya nchi kuwa jamhuri na kuyapunguzia majimbo madaraka, ilitishia kuitisha kura ya maoni endapo Seneti ingekataa. Mwezi Novemba 1964 KADU ikajivunja, na wajumbe wake wakajiunga na chama kinachotawala. Mwaka 1965 asilimia 90 ikashushwa ikawa 65 kwa mabaraza yote mawili. Mwishoni mwa mwaka 1966 ukaletwa mswada wa kuyaunganisha mabaraza hayo kuwa moja. Yakaongezwa majimbo mapya 41 ya uchaguzi juu ya yale 117, yakawa 158, na kila seneta akapata kiti katika Bunge jipya. Pamoja na hayo, maisha ya Bunge lile yaliongezwa kwa miaka miwili. Basi seneta hakuombwa apoteze kiti chake, aliombwa akihamishe. Kilichopotea kilikuwa kiti cha wilaya.

Haitakuwa haki kuwahukumu watu wale bila kuukumbuka wakati wao. Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya katika mwezi mmoja. Kongo ilikuwa inaungua. Kaskazini-Mashariki mwa Kenya kulikuwa na vita vya watu waliotaka kujitenga. Katika hali hiyo, hoja kwamba taifa changa halistahimili mabaraza mawili, yenye gharama na ucheleweshaji wake, haikuwa hoja ya mzaha. Wengi waliamini kuwa umoja unataka sauti moja.

Wala sisi Watanzania tusijione tuko mbali na kisa hiki. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa madaraka mikoani, tulizifuta halmashauri za wilaya, na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Nia ilikuwa kuyapeleka maendeleo karibu na wananchi. Lakini kwa kulifuta baraza lililochaguliwa, tulimwondolea mwananchi mmoja wa milango yake miwili. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, zikatungwa sheria za kuzirudisha, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi. Usitupe mbachao kwa msala upitao: methali hii tuliijua, tukaisahau, tukaikumbuka.

Kenya iliikumbuka kwa kuchelewa zaidi. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47 na kuirudisha Seneti, ambayo ilichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Ilikuwa na wajumbe 67 pamoja na Spika wake, Ekwee Ethuro. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2009, Lamu ilikuwa na watu wapatao 100,000 na Nairobi zaidi ya 3,000,000. Hata hivyo, kila moja ilimchagua seneta mmoja. Mapungufu yalikuwapo. Katika wale 47 waliochaguliwa na kaunti mwaka ule hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Wanawake wote waliingia kwa kuteuliwa na vyama.

Mwaka huohuo wa 2013 Seneti hiyo ilijaribiwa. Sheria ya kugawa mapato baina ya serikali kuu na kaunti ilipitishwa bila yake, na Rais akaitia sahihi. Maseneta hawakunyamaza. Walikwenda Mahakama ya Juu, nayo, tarehe 1 Novemba 2013, ikatoa ushauri kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Tofauti na mwaka 1966 ni dhahiri. Safari hii kulikuwa na kaunti zenye fungu lake la fedha na magavana wake, na seneta alikuwa na kitu cha kulinda ambacho mwananchi aliweza kukiona kwa macho.

Hatusemi kwamba Tanzania inahitaji Seneti. Hilo ni la wananchi kuliamua. Tunalosema ni kwamba baraza halilindwi na idadi ya kura iliyoandikwa katika katiba peke yake. Hulindwa na watu wanaojua lina faida gani kwao, na kuwauliza wajumbe wake wamefanya nini. Maseneta wa mwaka 1966 walikifuta kiti cha wilaya kwa sababu walipewa kingine, na kwa sababu nyuma yao hapakuwa na umati wa kuwauliza. Mwalimu akilifundisha somo hili Kilosa, na awaulize wanafunzi wake: diwani wa Ruhembe hukaa katika baraza gani, huamua mambo gani, na ni nani amepata kwenda kumsikiliza? Mlango usiobishwa hodi, siku ukizibwa, hakuna ajuaye.