Rubani wa Ndege Isiyo na Rubani

Kwenye mlango wa studio moja ya picha Magomeni Mapipa kuna tangazo: "Mafunzo ya urubani wa ndege zisizo na rubani. Wanaoanza wanakaribishwa." Aliyeliandika hana kosa. Amelichukua jina la chombo kama lilivyotolewa na wakubwa wa lugha, akalitanguliza kwa jina la kazi anayoifundisha, na hapo hapo Kiswahili sanifu kikamgeuka. Mwanafunzi wake atahitimu urubani wa kitu ambacho, kwa ushahidi wa jina lake, hakina rubani.

Chombo chenyewe msomaji anakijua. Amekiona kikizunguka juu ya maharusi, panga zake nne zikivuma, MC akiwaomba wageni watazame juu na kutabasamu. Na hapa sizungumzii vile vikubwa vya vita. Nazungumzia vile vyepesi ambavyo kijana anayeanza kazi ya picha anaulizia Kariakoo: jamii ya DJI Mini, iliyoanza mwaka 2019 ikiwa na gramu 249, au Neo ya mwaka 2024, yenye gramu 135, inayopaa kutoka kiganjani na kurudi kiganjani. Sina ugomvi na vyombo hivi. Ugomvi wangu ni na maneno manne tuliyovibebesha, na zaidi na watu waliokaa mezani wakaridhika nayo.

Maneno "ndege isiyo na rubani" si istilahi, ni malalamiko. Yanatueleza kisichokuwepo na kuacha kilichopo. Kiswahili hakizoei kutaja vitu kwa upungufu wao, hasa vitu vinavyoshikwa na kutumiwa kila siku. Na mtaa haukubali majina marefu hata yakigongwa muhuri. Mfano uko barabarani hapa hapa, Barabara ya Morogoro. Mradi ulikuja na jina lake rasmi, Mabasi Yaendayo Haraka, jina sahihi kisarufi na lenye adabu zote. Nenda kituo cha Usalama au Kagera saa moja asubuhi umtafute abiria mmoja anayelitamka. Ni mwendokasi. Neno moja, lina mwendo, lina kasi, na hata tunapolalamika kwamba kasi yenyewe imechelewa, tunalalamika kwa neno hilo hilo.

Lakini urefu ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba jina linasema uongo. Rubani yupo. Amesimama chini, rimoti mkononi, jasho usoni, akiomba betri isiishe kabla bibi harusi hajashuka kwenye gari. Wataalamu wa usafiri wa anga duniani waliliona hili mapema. Mwongozo wa mwaka 2015 wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unakieleza chombo hiki kuwa ni kile kinachoendeshwa na rubani aliye mbali, na kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zimefuata njia hiyo hiyo. Sheria inamtambua rubani, inamtafuta, inampa wajibu, inampa na adhabu. Sisi wenye lugha ndio tuliomfuta. Panga zikimkata mtoto uso kwenye kichochoro, mwenye chombo akajitetea kwamba kilikuwa hakina rubani, atakuwa ananukuu Kiswahili sanifu.

Niliwahi kuliweka jambo hili mbele ya kikao ambacho sitakitaja. Lilipangwa kwenye "mengineyo", baada ya chai, wajumbe wakiwa wamekwisha kufunga mikoba. Nilijibiwa kwamba rubani ni yule anayekaa ndani ya ndege, na kwa kuwa ndani hamna mtu, hamna rubani. Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana linaonyesha kwamba waliopewa kulilinda neno hawajui lilikotoka.

Rubani ni neno la bahari. Limetoka katika Kiarabu, rubbān, na lilifika pwani yetu karne nyingi kabla ya ndege yoyote ya bati. Chomboni kulikuwa na nahodha, ambaye jina lake ni la Kiajemi na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Kulikuwa na sarahangi, msimamizi wa mabaharia. Na kulikuwa na rubani, ambaye sifa yake si kiti bali ujuzi wa njia. Rubani ndiye aliyejua mwamba uko wapi, maji ya kina yako wapi, upepo utageuka lini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 hakupungukiwa na manahodha, alikuwa nao wa kutosha kutoka Ureno. Alichoomba kwa mfalme wa Malindi ni rubani wa kumvusha hadi India, na akapewa. Hadi leo meli kubwa ikiingia bandari ya Dar es Salaam hupandiwa na rubani wa bandari, na nahodha anabaki na meli yake. Basi urubani ni kuongoza, popote unapoongozea. Waliokuja kuufunga kwenye kiti cha mbele cha ndege ni watafsiri wa juzi tu, na sasa kwa kuwa kiti hakipo wanatuambia na mtu hayupo.

Kuna kundi la pili, nalo nalihesabu kuwa la wapinzani wa kweli kwa sababu walau limefikiri: watu wa "ndege nyuki". Jina hili limeingia magazetini na hata bungeni, na wenyewe hulitetea kwa historia. Historia wanayo, ila wameisoma nusu. Mwaka 1935 Waingereza walitengeneza ndege iliyoongozwa kwa redio, waliyoitoa kwenye ndege ya mafunzo iitwayo Tiger Moth, kwa ajili ya wapiga mizinga kufanyia mazoezi ya shabaha. Waliiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Wamarekani walipoanzisha mradi wa namna hiyo, ofisa wa jeshi la majini Delmer Fahrney ndiye anayetajwa kuvipa vyombo vyao jina la "drone", yaani nyuki dume, kwa heshima ya malkia yule. Tazama sasa nyuki dume ni nani katika mzinga: hana mwiba, haleti asali, hajengi masega, anaishi kwa ajili ya malkia na kazi yake ikiisha maisha yake yameisha. Ulikuwa utani wa wanajeshi, tena mzuri: ndege isiyo na akili yake, inayotumwa, ya kupigwa risasi. "Ndege nyuki" imebeba mdudu ikaacha udume, na bila udume utani umekufa. Kilichobaki ni ndege na nyuki wamewekwa bega kwa bega, mwalimu wa darasa la nne akiulizwa maana yake atasema ni ndege anayekula nyuki. Ndege huyo yupo kweli, anaitwa keremkeremba.

Watetezi wake husema pia kwamba tembo hukimbia sauti ya chombo hiki kama wanavyokimbia nyuki, jambo ambalo wahifadhi wa Tanzania na Kenya wamelitumia kuwaondoa tembo mashambani. Sina shaka na tembo. Lakini tembo si mjumbe wa kamati ya istilahi, ingawa kuna vikao ambavyo angeongeza busara.

Wengine wamechoka wakasema "droni", na yakaishia hapo. Hao siwachukii. Baiskeli tumeiazima, kompyuta tumeiazima, na afadhali kuazima kuliko kuzaa "ngamizi", neno lililotungwa kwa ajili ya kompyuta likasikika kama tangazo la maangamizi. Ninachowauliza watu wa droni ni kimoja: mtu mwenye nguo yake ndani ya sanduku anakwendaje kuazima kwa jirani?

Nguo yenyewe ni tiara.

Kila aliyekulia pwani anaijua. Njiti za chelewa mbili, karatasi au nailoni, gundi ya ugali, mkia wa kitambaa, na uzi. Magomeni ya Makuti na ya Mikumi imeirusha kwenye upepo wa kusi na kwenye upepo wa kaskazi, na bonde la Jangwani limezimeza nyingi. Wengine huiita kishada, nami sina neno nao. Tiara imetokana na Kiarabu, ṭayyāra, kirukacho, na Waarabu wenyewe katika mazungumzo yao huitumia kwa ndege ya abiria na kwa kile cha mtoto cha karatasi, hawaoni haya. Maana ya kuruka iko kwenye mzizi wa neno. Nasi tulipolipokea tuliliongezea jambo ambalo istilahi za kamati hazina: mtu aliye chini. Hakuna tiara bila mrushaji. Ukiiona angani macho yako yanashuka yenyewe kumtafuta aliyeshika uzi.

Na neno hili haliji peke yake, linakuja na ukoo wake. Tunarusha tiara. Tunaipa uzi, tunavuta uzi. Mawasiliano ya rimoti na chombo yakipotea, uzi umekatika, na kila mtoto anajua uchungu wa jambo hilo bila kamusi. Ikigota kwenye nyaya za umeme, imenasa. Ikienda na upepo, imekwenda arijojo, na hilo ni neno la watoto wa tiara tangu zamani ambalo sasa limepata kazi mpya ya mshahara. Mwenye kuirusha ni mrusha tiara. Niambieni "ndege isiyo na rubani" imezaa nini zaidi ya tangazo lile la Mapipa.

Nimepingwa kwa hoja tatu. Ya kwanza, kwamba tiara ni ya watoto. Sawa, na hicho cha gramu 249 kinauzwa kwenye maduka yale yale yanayouza midoli. Ya pili ilitolewa na mheshimiwa mmoja kwa kicheko: je, tiara si taji la malkia? Ni taji, ndugu yangu, kwa Kiingereza. Anayesikia neno la Kiswahili kwa sikio la Kiingereza kwanza asiwe wa kwanza kunyoosha mkono katika vikao vya Kiswahili.

Ya tatu ndiyo nzito: chombo hiki hakina uzi. Naijibu kwa neno moja, simu. Simu kwa asili ni sīm ya Kiajemi, fedha na pia waya. Babu zetu waliuona waya wa telegrafu umetandazwa juu ya nguzo, wakaita simu. Ulipokuja ujumbe usiopita kwenye waya wakasema simu ya upepo, yaani waya wa upepo, na mbingu haikuanguka. Leo simu iko mfukoni, waya hakuna, na hakuna kikao kilichoketi kuiita "simu isiyo na simu". Kama waya ulisamehewa, uzi una kosa gani?

Hata vile vinavyojiongoza kwa ramani havinivunji moyo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipopiga picha za anga za jiji hili ili kuchora mitaa inayofurika, na mwaka uliofuata Zanzibar ilipoanza kupigwa picha Unguja na Pemba, kilichotumika ni eBee ya Uswisi, kibawa chepesi kisichofika kilo moja. (Ndiyo, jina lake lina nyuki. Watu wa ndege nyuki wamenikumbusha mara nyingi.) Njia yake ilipangwa kwenye kompyuta, lakini kuna mtu aliyeishika, akaitikisa, akairusha kwa mkono wake, kisha akasimama akiitazama mpaka ilipotua. Mtoto wa Makuti angemtambua mtu huyo mara moja.

Wahariri huniomba niseme na ya matumizi, basi haya. Anayeanza achukue tiara ya kamera iliyo chini ya gramu 250, yenye kamera inayotulizwa na mota kwa pande 3 na panga zinazobadilishwa, anunue na betri za akiba, aiwashe pale pale dukani kuhakikisha haijafungwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, na ajifunzie uwanjani, si kuzunguka maghorofa ya Magomeni Kota ambako upepo hupinda kwenye kona. Zile gramu 250 ni mpaka wa Marekani na Ulaya, zisimdanganye: kibali cha Tanzania kinaombwa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na watu wa ulinzi nao wana neno lao.

Kisarufi tiara haisumbui. Inakaa ngeli moja na ndege ya abiria: tiara imepaa, tiara zimepaa. Palipo na hofu ya kuchanganya, ile ya zamani iitwe tiara ya karatasi na hii tiara ya kamera. Palipo na muktadha, tiara inatosha.

Wala sitaki "ndege isiyo na rubani" itupwe. Mwongozo ule wa ICAO unatenga aina nyingine, vyombo vinavyojiamulia safari nzima bila mtu kuweza kuingilia vikiwa angani, na unaviweka nje ya vile vyenye rubani wa mbali. Hivyo ndivyo visivyo na rubani kwelikweli. Jina lao liko tayari, limeshapigwa muhuri, vipewe.