Shabu, Wanga na Talki: Historia ya Unga wa Kuondoa Harufu ya Miguu

Jasho la nyayo likitoka halina harufu. Wayo wa binadamu una tezi za jasho nyingi kuliko karibu sehemu zote za mwili, mamia kadhaa katika kila sentimita ya mraba, na kinachotoka humo ni maji yenye chumvi kidogo. Uvundo huanza baadaye, jasho hilo linapofungiwa ndani ya soksi na kiatu, likalainisha ngozi ngumu ya kisigino na ya kati ya vidole, na bakteria waishio juu ya ngozi wakapata chakula. Mmoja wao, Staphylococcus epidermidis, huivunja leusini, ambayo ni sehemu ya protini, na kutoa asidi ya isovaleriki. Asidi hiyo hupaa hewani upesi, na pua huinasa hata ikiwa kidogo sana. Unga wowote uliowahi kunyunyizwa miguuni au ndani ya kiatu umefanya kazi moja au mbili kati ya hizi: kunyonya maji, kubana vitundu vya jasho, kuwadhoofisha bakteria, au kuigeuza asidi iwe chumvi isiyonuka. Kazi hizo ziligunduliwa kwa nyakati mbalimbali, na nyingine zilijulikana muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuona bakteria.

Wamisri wa kale walikuwa na unga wa aina mbili unaohusika hapa. Wa kwanza ni natroni, magadi yaliyochotwa Wadi Natrun, magharibi ya delta ya mto Nile. Kazi yake kubwa ilikuwa kukausha maiti kabla ya kuzikwa, lakini walio hai nao waliitumia kujisafishia mwili na kinywa. Wa pili ni shabu, iliyochimbwa katika oasisi za Kharga na Dakhla kwenye jangwa la magharibi. Mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliieleza shabu kwa kirefu katika kitabu cha 35 cha Naturalis Historia. Pamoja na kutibu vidonda na kutia rangi sufu, anaitaja kuwa hukata jasho na harufu ya kwapa. Kwa hiyo matumizi ya shabu dhidi ya jasho yana karibu miaka 2,000 ya maandishi, na huenda yana miaka mingi zaidi ya mazoea.

Shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu. Ikilambwa hukunja ulimi, na ndivyo inavyoifanya ngozi: protini za juu hukazana, midomo ya tezi hujibana, na jasho hupungua. Tena ina uasidi kidogo, hali ambayo bakteria wengi wa miguuni hawaipendi. Wauza dawa waligundua kuwa ikiunguzwa hufaa zaidi kwa kunyunyiza. Jiwe la shabu huwekwa kwenye kikaango, moto wa wastani. Kabla maji ya kawaida hayajafikia kuchemka, jiwe huyeyuka katika maji yake lenyewe, maana karibu asilimia 45 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Kisha huanza kutokota, hufura na kupanda juu, na mwisho hubaki donge jeupe, jepesi, lenye matundu kama sifongo. Donge hilo likisagwa hutoa unga laini wenye kiu ya maji. Kwa Kilatini uliitwa alumen ustum, na ulikaa katika vitabu vya wauza dawa wa Ulaya kwa karne nyingi. Ufilipino, ambako shabu huitwa tawas, unga wake hadi leo hupakwa makwapani na miguuni.

Sehemu kubwa ya shabu haikwenda kwa wauza dawa bali kwa watia rangi wa nguo na watengenezaji wa ngozi, na ndiyo sababu ilizusha ushindani mkubwa. Katika karne ya 13 familia ya Zaccaria kutoka Genoa ilishika machimbo ya Phocaea, pwani ya Uturuki ya leo. Constantinople ilipotekwa na Waosmani mwaka 1453, wafumaji wa Ulaya walihofia kukosa shabu. Miaka michache baadaye Giovanni da Castro aliigundua katika vilima vya Tolfa, ndani ya milki ya Papa, na Papa Pius II akaifanya chanzo cha mapato ya kanisa. Uingereza ilianza kuchimba yake Yorkshire mwanzoni mwa karne ya 17, ambako mawe yaliunguzwa kwa miezi na mkojo wa watu ukanunuliwa mijini ili kuikamilisha. Mwaka 1845 Peter Spence alipata hataza ya njia ya kuitengeneza kwa asidi ya salfuriki, bei ikashuka, na shabu ikawa kitu cha kila duka.

Pwani ya Afrika Mashariki ilizijua bidhaa hizi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Jina lenyewe, shabu, ni la Kiarabu, na vitabu vya tiba vya Waarabu viliisifu hasa shabu ya Yemeni. Waswahili waliitumia kutuliza matope ya maji ya kunywa na kukata kikwapa. Walikuwa pia na unga wa urembo: liwa, yaani sandali iliyosagwa juu ya jiwe la msio, na singo ya Zanzibar, ambayo huchanganywa na karafuu na maua yenye harufu nzuri na kusuguliwa mwili wa bibi harusi. Karafuu ina eujenoli, mafuta yanayoua bakteria, kwa hiyo singo haikuwa manukato matupu. Hata hivyo unga maalumu wa miguu haukupata nafasi kubwa pwani, na sababu yake ni rahisi. Watu walivaa makubazi au walikwenda pekupeku, waliacha viatu mlangoni, na kwa Mwislamu miguu huoshwa kila atawadhapo. Mguu unaopata hewa na maji mara kadhaa kwa siku haufugi uvundo.

Kiatu cha kufunga ndicho kilichouleta unga wa miguu kama bidhaa ya pekee, na jeshi ndilo lililouhitaji kwanza. Askari wa miguu wa Ulaya katika karne ya 19 alitembea kilomita nyingi kwa siku ndani ya buti za ngozi nene, na mguu uliochubuka au kuoza ulimtoa vitani sawa na risasi. Ujerumani ilipata jibu kutoka maabara. Mkemia Hermann Kolbe alikuwa amepata njia ya kutengeneza asidi ya salisiliki, dawa iliyokuwa ikitolewa kwenye mimea kama mti wa mrebi, na mwaka 1874 kiwanda cha Friedrich von Heyden kilianza kuizalisha kwa wingi. Asidi hiyo hulainisha ngozi iliyokufa na kuzuia fangasi na bakteria. Orodha rasmi ya dawa ya Ujerumani ikaweka kipimo cha unga wa miguu: sehemu 3 za asidi ya salisiliki, 10 za wanga wa ngano na 87 za talki. Wanga ulinyonya maji, talki ilipunguza msuguano wa kiatu, asidi ilishughulika na vijidudu. Ni mchanganyiko uliopangwa vizuri, na mikebe mingi iliyouzwa baadaye duniani ilifuata mpango huohuo.

Hatua kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilipigwa London mwaka 1880, na haipewi heshima inayostahili. Daktari George Thin alichunguza wagonjwa ambao miguu yao ilinuka hadi watu kushindwa kukaa nao chumba kimoja. Aligundua jambo ambalo pua ya kila mtu ingeweza kulithibitisha lakini hakuna aliyelifuatilia: majimaji yaliyotoka kwenye kisigino hayakuwa na harufu, ilhali soksi na sehemu ya ndani ya kiatu zilinuka vibaya. Katika majimaji ya soksi alikuta bakteria kwa wingi, akawaita Bacterium foetidum. Jina hilo halitumiki tena, ila hoja ilisimama: makao ya uvundo ni soksi na kiatu. Tiba yake ilifuata hoja hiyo. Hakuhangaika na kuziba jasho. Aliagiza soksi zibadilishwe mara kwa mara na kulowekwa katika maji yaliyoshiba asidi ya boriki, kisha zikaushwe na kuvaliwa, na mgonjwa awe na soli za ndani za gome la koki zilizolowekwa vilevile, akizivaa kwa zamu.

Asidi ya boriki wakati huo ilikuwa ikitoka hasa Larderello, Toscana, ambako mvuke wa ardhini huipandisha juu na ambako François de Larderel alianza kuichota kibiashara mwaka 1818. Baada ya Thin iliingia katika kila aina ya poda. Marekani, Gerhard Mennen wa Newark alianza kuuza talki yenye boriki mwaka 1889; kampuni ya Johnson & Johnson ikatoa poda yake ya watoto mwaka 1894; na huko Le Roy, New York, Allen Olmsted alitangaza Allen's Foot-Ease, unga wa kumiminwa ndani ya kiatu. Mwaka 1906 William Scholl alifungua kampuni yake Chicago, na bidhaa za miguu zikawa tasnia. Wateja hawa wapya hawakuwa askari. Walikuwa makarani na wauza duka waliosimama kutwa ndani ya viatu vyembamba vya mjini, na matangazo yaliwauzia zaidi kuepuka aibu kuliko afya.

Vita vya kwanza vya dunia vilionyesha mpaka wa poda. Katika majira ya baridi ya 1914 na 1915 maelfu ya askari wa Uingereza waliharibika miguu kwa kusimama ndani ya mahandaki yaliyojaa maji. Unga haukufua dafu mbele ya tope. Kilichosaidia ni soksi kavu, mafuta ya nyangumi na maofisa kulazimika kukagua miguu ya askari wao. Wataalamu wa miguu ya jeshi kama Edward Munson wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mguu na kiatu cha askari mwaka 1912, walikuwa wamekwisha kusisitiza kuwa kiatu kinachokaa vizuri hutangulia dawa yoyote.

Afrika Mashariki askari wengi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliendelea kwenda pekupeku au na makubazi. Vita vya pili viliwapa buti, na mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa mvua za masika. Kwa kizazi hicho, na kwa watoto wa shule waliohimizwa kuvaa viatu ili kujikinga na funza na safura, kiatu cha kufunga kilikuwa kinga ya kweli. Kilileta pia tatizo ambalo babu zao walilijua kidogo tu. Katika nchi za joto tatizo hilo lina sura kali zaidi, ambayo Aldo Castellani aliieleza mwaka 1910 akiwa Ceylon: ngozi ya wayo iliyolowa hutoboka vishimo vidogo vingi, na miguu hunuka mno. Hiyo ni maambukizi ya bakteria, na huhitaji dawa ya hospitali pamoja na kukausha mguu.

Asidi ya isovaleriki yenyewe ilihusishwa wazi na harufu ya miguu na watafiti wa Japani mwaka 1990. Jambo hilo lilieleza kwa nini bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea, hufaa ndani ya kiatu: hukutana na asidi na kuigeuza chumvi isiyopaa hewani. Magadi ghafi ya Ziwa Magadi yana bikaboneti hiyo pamoja na kaboneti, lakini ni makali kwa ngozi na hayafai kupakwa mguuni. Harufu ya miguu ikawa pia suala la malaria. Mwaka 1996 Mholanzi Bart Knols alionyesha kuwa mbu Anopheles gambiae huvutwa na jibini ya Limburger, inayonuka kama miguu, na mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara, Tanzania, walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa harufu za aina hiyo uliowavuta mbu katika vibanda vya majaribio kuliko binadamu mwenyewe.

Poda za karne ya 19 zimepungua thamani moja baada ya nyingine. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku asidi ya boriki katika vipodozi kwa kuwa huweza kudhuru uzazi. Talki huchimbwa mara nyingine karibu na asbesto; Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020 na duniani kote mwaka 2023, na mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Wanga wa mahindi umeshika nafasi yake, mara nyingi pamoja na oksidi ya zinki au bikaboneti. Anayetumia unga wowote kati ya hizi anashauriwa kuunyunyiza kwenye mguu uliooshwa na kukaushwa hadi kati ya vidole, autie pia ndani ya kiatu, na akipumzishe kiatu hicho siku nzima kabla ya kukivaa tena. Ngozi ikiwa imepasuka, inawasha au ina vishimo, mahali pa kwenda ni kwa daktari.