Ng'ombe Wanne wa Shangazi

Mwaka 1974 shangazi yangu aliolewa Bungoma. Baada ya miaka sita alirudishwa kwetu Kitale bila mtoto. Wazee walisema ni tasa, babu akadaiwa ng'ombe wanne wa mahari, akatoa. Mume alikuwa taniboi wa lori la mahindi. Hakuna aliyeuliza alilala wapi safarini.

Njia hiyo ni ya zamani. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya masetla wa Trans Nzoia yakavuta vijana wa Bungoma. Wanaume walikaa kambini, wake wakabaki kulima. Kisonono hufuata wasafiri. Kwa mwanamke mara nyingi hakionyeshi dalili. Hupanda polepole hadi kwenye mirija ya uzazi, kikaacha makovu, yai na mbegu zisikutane. Klamidia nayo hufanya hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilipochunguza wanandoa wa nchi 25, matokeo yake yakachapishwa 1985, wanawake wa Afrika ndio waliongoza kwa mirija kuziba. Kuna sababu nyingine pia: homoni kuvurugika yai lisikomae, au uvimbe kwenye kizazi. Na mara nyingi tatizo huwa kwa mwanamume.

Shangazi alipigwa eksirei akiwa na miaka 39. Mirija yote miwili ilikuwa imeziba.

"Kumbe nilikuwa mgonjwa tu," akaniambia.

Yule mume hakuwahi kupimwa. Ng'ombe nao hawakurudi.