Krediti Mpakani: Kozi za Chuo kwa Mwanafunzi wa Sekondari wa Gisenyi

Anayetoka Gisenyi, Rwanda, kwenda Goma, Kongo, kwa kivuko cha mpaka cha Petite Barrière hukutana na wavunja pesa kabla hajafika sokoni. Faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola hubadilishwa hapo kwa kikokotoo cha mkononi, na ugomvi ni nadra kwa kuwa bei ya siku inajulikana. Elimu haina meza ya namna hiyo. Mwaka mmoja wa shahada nchini Rwanda huhesabiwa krediti 120. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uliopokewa Kongo, mwaka ni krediti 60. Hiyo haina maana kwamba masomo ya huku ni mara mbili ya yale ya kule. Kilichotofautiana zaidi ni kipimo: krediti ya Rwanda ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ya LMD hukaribia 25.

Naanzia kwenye hesabu kwa sababu mjadala wa kumfungulia mwanafunzi wa sekondari mlango wa chuo kikuu huanzia kwenye kipaji. Je, kijana wa miaka 17 ataweza? Swali hilo Rwanda ililijibu zamani. Kwa miongo kadhaa wauguzi walifunzwa sekondari, wakatoka na diploma ya A2 na kuingia wodini. A1 na A0 ndizo zilizokuwa ngazi za chuo. Katikati ya miaka ya 2000 serikali iliifunga njia hiyo ikitaka wauguzi wenye elimu ya juu zaidi, kisha mwaka 2021 ikaurudisha uuguzi katika darasa la nne la sekondari kwa sura mpya. Katika wilaya jirani ya Nyabihu, Rwanda Coding Academy inafundisha uundaji wa programu na usalama wa mitandao tangu 2019, kwa vijana waliotoka darasa la tatu la sekondari. Kwingine masomo hayo mtu huyakuta chuoni.

Kwa hiyo uwezo upo. Kinachokosekana ni daftari la pili. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilipowaruhusu wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho kuhudhuria chuo mwaka 1985, lililipa ada, na kozi moja ikaandikwa mara mbili, sekondari na chuoni. Sisi huandika mara moja, kisha chuo humwanzisha kijana upya.

Pingamizi moja lina uzito. Anayesoma fizikia, kemia na biolojia katika shule ya bweni hana saa ya ziada, na mtihani wa taifa haumhurumii aliyeitafuta kwingine. Nakubali, simshauri mtu asome kozi ya chuo usiku wa manane. Lakini mtihani ukiisha, Julai au Agosti, huja miezi ya kungoja matokeo na nafasi ya chuo, ambamo kijana si mwanafunzi wa huku wala wa kule.

Chuo Kikuu Huru cha Kigali (ULK) kina kampasi papo hapo Gisenyi. Kozi ya uhasibu ya saa 100 inaenea ndani ya miezi hiyo bila kubanana. Mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umekuwepo tangu 2015, na Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, hivyo kiti cha jirani kinaweza kukaliwa na kijana wa Goma. Wa Gisenyi aandikiwe krediti 10, wa Goma 4, na vyuo vya pande zote mbili vijue kwamba ni kazi ileile.