Utambuzi wa madini ya bati Karagwe na Kyerwa

Madini ya bati yanayochimbwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, huitwa kitaalamu kasiteriti. Ni oksidi ya stani (SnO2), na ikiwa safi kabisa ina karibu asilimia 79 ya stani kwa uzito. Jina "bati" huleta mkanganyiko kidogo, kwa maana mabati ya kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, wala hayahusiani na madini haya.

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012. Inapakana na Rwanda na Uganda, na miamba yake ni ya ukanda mmoja wa kale unaopita katika nchi hizo. Kasiteriti hupatikana ndani ya mishipa ya kwatzi iliyopenya miamba mikongwe karibu na matale, na pia katika changarawe za mabondeni ambako mvua imeisomba. Wachimbaji wadogo huiosha kwa karai. Yaliyo mepesi huchukuliwa na maji, na mazito hubaki chini.

Tatizo ni kwamba kinachobaki katika karai si bati peke yake. Huwa kuna mawe meusi ya aina kadhaa, na rangi pekee haitoshi kuyatenganisha. Kasiteriti yenyewe huweza kuwa nyeusi, kahawia au hata ya manjano.

== Sifa za kupima ==

Uzito ndiyo sifa ya kutegemewa zaidi. Densiti ya kasiteriti ni takriban 6.8 hadi 7.1, yaani ni nzito karibu mara saba kuliko maji ya ujazo uleule; kwatzi ni 2.65 tu. Jiwe hupimwa likiwa kavu, kisha likiwa limening'inizwa ndani ya maji. Jiwe la gramu 140 likionyesha gramu 120 majini, tofauti ni 20, na 140 kugawanya kwa 20 ni 7. Kwatzi ya gramu 140 ingeonyesha takriban gramu 87. Jiwe lililoshikamana na kwatzi litatoa jibu la katikati, hivyo lisafishwe kwanza.

Turmalini nyeusi, ambayo huwadanganya wengi, ina densiti ya karibu 3 na fuwele zake ndefu zina mifereji ubavuni. Ulanga hutambulika upesi: hubanduka kwa utando na hukwaruzwa kwa kucha. Magnetiti huvutwa na sumaku.

Ugumu hupimwa kwa skeli ya Friedrich Mohs ya mwaka 1812, kuanzia 1 (talki) hadi 10 (almasi). Kasiteriti ni 6 hadi 7, kwa hiyo kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Wolframiti ni nzito kama bati au kuzidi, lakini ugumu wake ni 4 hadi 4.5 na kisu huikwaruza.

Rangi ya unga huonekana jiwe linapochorwa kwenye upande usiong'aa wa kigae. Unga wa kasiteriti ni mweupe au kahawia hafifu, hata jiwe likiwa jeusi. Hematiti hutoa unga mwekundu. Koltani na wolframiti hutoa wa kahawia nzito hadi mweusi. Kwa kuwa kasiteriti inakaribia kigae kwa ugumu, ni afadhali kuisaga kipande kidogo.

== Jaribio la zinki ==

Hili ni la kikemia. Punje huwekwa pamoja na vipande vya zinki katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Baada ya dakika chache kasiteriti huvikwa utando wa kijivu wa stani, unaong'aa ukisuguliwa. Lifanywe nje, mbali na moto, kwa sababu hutoa gesi ya hidrojeni inayowaka.

== Umuhimu ==

Bati, koltani, wolframu na dhahabu ni madini yanayohitaji cheti cha nchi za Maziwa Makuu (ICGLR) yanaposafirishwa nje, na Tanzania ni mwanachama. Mzigo uliotajwa kwa jina lisilo lake unaweza kukwama. Mchimbaji naye hulipwa kwa kiwango cha stani kilichomo, kwa hiyo hematiti au turmalini katika gunia humpunguzia bei, na koltani isiyotambuliwa huondoka kwa bei ya bati. Vipimo vya mkononi hutaja aina ya madini tu. Kiwango hupimwa maabara, kwa mfano ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) jijini Dodoma.