Michoro ya Kolo na Jicho la Kompyuta

Msafiri atokaye Lupembe, penye mashamba ya chai, akapita Njombe, Makambako, Iringa na Dodoma, hufika Kondoa, kwenye majabali ya Kolo. Huko wahenga walichora kwa rangi nyekundu sura za watu na wanyama. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili michoro hiyo kwa kufuatisha mistari juu ya karatasi angavu. Mary alinakili maumbo yapatayo 1,600, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983.

Kazi ile ilikuwa kubwa. Lakini mkono wa mnakili hufuata kile tu ambacho jicho limekiona, na rangi iliyofifia humponyoka. Ndiyo sababu katika nchi nyingi wageni walizoea kuirushia michoro maji ili ing'ae, wakaiharibu kwa kutamani kuiona.

Kompyuta ilileta njia isiyogusa jiwe. Picha ya kidijitali huundwa na vipimo vitatu: nyekundu, kijani na buluu. Juu ya mwamba vipimo hivyo hupanda na kushuka karibu pamoja, hata tofauti ndogo isionekane. Hesabu iliyotumiwa kwanza kwa picha za satelaiti huvitenganisha, huzikuza tofauti zake, kisha huvirudisha kuwa picha. Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman aliitia hesabu hiyo katika programu ya DStretch, kwa ajili ya michoro ya miambani.

Hata hivyo, dawa ya mmoja si dawa ya wote. Wachoraji wa kale wa China walitumia wino wa masizi juu ya hariri na karatasi. Masizi hunyonya mwanga ulio nje ya wekundu, usioonekana kwa macho. Kwa hiyo kamera ya mwanga huo huufichua wino uliofifia. Wekundu wa Kolo, utokanao na madini ya chuma, hufifia mbele ya kamera hiyo hiyo.

Basi mwanahistoria na ajihadhari. Rangi kali za kwenye kioo si za mchoraji, wala mstari uliofichuliwa hauelezi kwa nini ulichorwa. Kolo imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na wenyeji wangali wakitambika huko. Picha haimzuii mtu achimbaye chini ya jabali akitafuta hazina ya Wajerumani. Mwenyeji aweza kumzuia. Tukihifadhi nakala tukampuuza yeye, tutarithi kivuli na kupoteza mwamba.