Kuelea kwa tyubu Vang Vieng

Kuelea kwa tyubu Vang Vieng ni burudani ya kitalii inayofanyika kwenye mto Nam Song, katika mji wa Vang Vieng nchini Laos, Asia ya Kusini-Mashariki. Mtalii huketi juu ya tyubu ya tairi la trekta au lori iliyojazwa upepo, akauacha mkondo umteremshe taratibu hadi mjini.

Burudani hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuufanya mji huo mdogo wa milimani ujulikane na vijana wasafiri wa nchi nyingi. Baadaye ilijulikana zaidi kwa vifo vya watalii, hasa mwaka 2011. Mwaka 2012 serikali ya Laos ilifunga baa zilizokuwa kando ya mto. Tangu hapo kuelea kunaendelea, ila kwa utulivu zaidi.

Jiografia

Vang Vieng uko kaskazini mwa Vientiane, mji mkuu wa Laos. Umezungukwa na milima ya mawe ya chokaa yenye miamba iliyosimama wima na mapango mengi. Mto Nam Song unapita kati ya mji na milima hiyo. Neno "Nam" katika lugha ya Kilao maana yake ni maji, nalo hutangulia majina ya mito mingi ya nchi hiyo.

Kina na kasi ya mto hubadilika sana kufuatana na majira. Mvua za monsuni hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, na wakati huo maji huwa mengi, ya rangi ya udongo na yenye kasi. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni kiangazi. Maji hupungua, na mahali pengine mtu mzima anaweza kuvuka kwa miguu. Tofauti hiyo ni muhimu katika kuelewa ajali zilizotokea: mahali penye kina cha kutosha mwezi Septemba panaweza kuwa na mawe karibu kabisa na uso wa maji mwezi Machi.

Namna ya kuelea

Mtalii hukodi tyubu mjini na kupelekwa kwa bajaji kilomita chache kaskazini, juu ya mto. Hapo huingia majini na kuanza kuteremka. Tyubu haina usukani wala kasia, hivyo mtu hujielekeza kwa kupiga maji kwa mikono. Wakati wa mvua safari inaweza kumalizika kwa saa moja hivi. Wakati wa kiangazi huchukua saa mbili au zaidi, kwa kuwa mkondo ni mdogo. Mtalii hutakiwa kurudisha tyubu kabla ya giza kuingia, la sivyo hutozwa faini.

Historia

Wakati wa vita vya Vietnam, Vang Vieng ulikuwa na uwanja wa ndege uliotumiwa na Wamarekani. Baada ya vita ulibaki mji wa wakulima na wavuvi. Laos ilipofungua milango kwa watalii katika miaka ya 1990, wasafiri walianza kusimama hapo wakiwa njiani kati ya Vientiane na mji wa kale wa Luang Prabang.

Chanzo cha kuelea kilikuwa kidogo sana. Mwenye shamba moja la kilimo hai karibu na mji alinunua tyubu chache ili vijana wa kujitolea waliokuwa wakimsaidia shambani wapumzike mtoni baada ya kazi. Wageni wengine walipenda, na baada ya muda mfupi ukodishaji wa tyubu ukawa biashara. Wenyeji waliunda ushirika ambao vijiji vilipokezana zamu ya kuuendesha, na mapato yakagawanywa kwa kaya nyingi.

Katika miaka ya 2000 baa za mianzi na mbao zilijengwa kandokando ya mto. Wafanyakazi wa baa waliwarushia watalii kamba na kuwavuta hadi ukingoni, wakawapa pombe kali ya mchele bure ili wakae na kununua zaidi. Ndoo za plastiki zilijazwa pombe iliyochanganywa na soda. Dawa za kulevya ziliuzwa pia. Ili kuvutia wateja, baa zilijenga bembea za kamba, minara ya kurukia na mitelezo mirefu iliyomtupa mtu mtoni kutoka juu.

Vifo

Kwa mujibu wa takwimu za hospitali ya mji zilizotangazwa na vyombo vya habari, watalii 27 walifariki mwaka 2011. Inaaminika idadi kamili ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu baadhi ya majeruhi walipelekwa moja kwa moja Vientiane. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana. Wengine walizama; wengine waligonga kichwa kwenye mawe baada ya kuruka au kupiga mbizi mahali pasipo na kina.

Mto Nam Song wenyewe si mkali kama mito mingi ya milimani. Hatari ilitokana na mambo yaliyokutanishwa mahali pamoja: pombe nyingi, minara ya kurukia isiyokaguliwa, maji yanayobadilika kina, ukosefu wa jaketi za kujiokoa, na ukosefu wa waokoaji. Mtu aliyelewa hukadiria vibaya kina na umbali, huchoka upesi, na akizama huenda wenzake waliolewa wasitambue.

Wenyeji nao walipata hasara ya namna nyingine. Muziki ulipigwa kwa sauti kubwa mchana kutwa, na wageni walitembea barabarani na nguo za kuogelea, jambo ambalo ni aibu katika utamaduni wa Walao.

Hatua za serikali

Kuanzia Agosti 2012 serikali iliamuru baa za kando ya mto zifungwe. Bembea, minara na mitelezo ilibomolewa. Idadi ya vijana waliofuata ulevi ilishuka, na biashara zilizowategemea zikapata shida. Kaya zilizokuwa zimekopa fedha kujenga nyumba za wageni ziliathirika pia. Hata hivyo, vifo mtoni vilipungua.

Mji ulianza kutafuta wageni wa aina nyingine: familia, wapanda miamba, wapenzi wa mapango na wa mitumbwi midogo. Watalii kutoka Korea Kusini waliongezeka sana baada ya kipindi cha televisheni cha nchi hiyo kilichopigwa Laos mwaka 2014.

Hali ya sasa

Barabara ya kasi kutoka Vientiane ilifunguliwa Desemba 2020, na reli ya Laos na China, yenye kituo Vang Vieng, ilifunguliwa Desemba 2021. Tyubu bado zinakodishwa, na baa chache zipo kando ya mto. Jaketi za kujiokoa hutolewa. Mnamo Novemba 2024 watalii sita wa kigeni walifariki kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli mjini humo. Tukio hilo halikuhusu mto.

Usalama

Kuelea kwa tyubu hufanyika pia katika nchi nyingine, kwa mfano kwenye mto Naili karibu na Jinja, Uganda. Kanuni za usalama ni zilezile kila mahali:

- Kuvaa jaketi la kujiokoa, hata kwa anayejua kuogelea.
- Kutokunywa pombe kabla ya safari wala wakati wa safari.
- Kuwauliza wenyeji hali ya maji siku hiyo, hasa baada ya mvua kunyesha milimani.
- Kutoruka wala kupiga mbizi mahali ambapo kina hakijulikani.
- Kutojifunga kwenye tyubu kwa kamba.
- Ukianguka kwenye maji ya kasi, kulala chali miguu ikitangulia. Kujaribu kusimama ni hatari, kwa kuwa mguu unaweza kunaswa kati ya mawe na mkondo ukamlaza mtu chini ya maji.
- Kutoka mtoni kabla ya jua kuzama.